Mvua Moja Juu ya Kipande Namba Saba

Kwa miaka ishirini kazi ya mtu huyu ilikuwa kuzuia mvua isinyeshe. Sisemi mvua yote. Alizuia ile iliyotaka kuangukia vipande vinne vya ardhi, kila kimoja hatua tano kwa hatua tano, nyuma ya ofisi za kituo cha utafiti wa malisho. Lakini katika mji ambao watu hutazama juu kila asubuhi kabla hawajasalimiana, hata hatua tano za mvua iliyozuiwa ni nyingi. Walimwita Mwavuli. Aliyelianzisha jina hilo alikuwa muuza nyanya wa pale kwenye kona ya soko, na hakukusudia kumsifu.

"Mwavuli," alimwambia siku moja akimchagulia nyanya, "mwaka huu mmetubania sana huko kwenu."

"Mama, mimi nafunika vipande vinne tu. Vilivyobaki vyote si vyangu."

"Leo vinne. Ulianza na vingapi?"

"Vinne hivyohivyo!"

"Haya, tutaona," alisema muuza nyanya, na akamtilia mbili zilizobonyea.

Nilipofika kituoni kama msaidizi mpya, nikiwa na cheti changu na buti ambazo hazijawahi kukanyaga tope, kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kujifunza kwa Mwavuli jinsi vipande vinavyotunzwa. Ilikuwa mwaka wa ishirini wa jaribio, na ndio uliokuwa wa mwisho. Nilidhani ningejifunza kwa siku moja. Nilikosea kwa miezi minne.

Vipande vilikuwa vinane, vimepangwa kwa safu mbili na kuzungushiwa mifereji ili maji ya kimoja yasiingie kwa jirani. Cha pili, cha nne, cha sita na cha nane viliachwa vinyeshewe kama ardhi nyingine yoyote. Cha kwanza, cha tatu, cha tano na cha saba vilinyimwa. Juu ya kila kimoja kati ya hivyo vinne kulikuwa na fremu ya chuma yenye magurudumu, na kwenye fremu limefungwa plastiki kubwa linalopitisha mwanga, lenye namba yake katikati kwa rangi nyekundu, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Jua likiwaka, fremu inasukumwa kando ili majani yapate mwanga na hewa. Tone la kwanza likidondoka, Mwavuli ana dakika tano za kuzirudisha zote nne. Mwisho wa kila mwezi vipande vilivyonyimwa vinamwagiwa madebe kumi ya maji kila kimoja, yaliyopimwa kwa mstari wa kalamu. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki yao.

Aliyeanzisha jambo hili lote alikuwa mwanamke mmoja mtafiti, ambaye kituoni hakuna aliyemwita kwa jina zaidi ya Daktari. Siku alipomwajiri Mwavuli alichuchumaa naye kwenye majani na kumweleza taratibu, na maelezo yale Mwavuli aliyashika kama mtu anavyoshika njia ya kwao.

"Watu wakiona majani yamenyauka wanauliza kama jana mvua ilinyesha," alisema Daktari. "Jana ni sehemu ndogo tu. Jani unaloliona leo linaitikia pia mvua ya mwaka juzi, na ukame ambao wewe umeshausahau. Mizizi imekaa pale ilipokaa kwa sababu ya mwaka fulani. Mbegu zilizomo kwenye udongo zimo kwa sababu ya mwaka mwingine. Hata vidudu vya kwenye udongo vinaishi kwa mazoea ya zamani. Ardhi haisahau. Ninachotaka kujua ni kwamba haisahau kwa muda gani."

"Na kazi yangu mimi?"

"Kazi yako ni kuhakikisha haina kitu cha kukumbuka isipokuwa kile tulichoipa."

Mwavuli alirudi nyumbani na kumhutubia mkewe juu ya kumbukumbu ya ardhi mpaka ugali wa siku hiyo ukapoa.

"Baba watoto," mkewe akasema mwishoni, "kama ardhi inakumbuka hivyo, kesho iambie ikukumbushe chumvi."

Hata hivyo aliifanya kazi yake kwa namna ambayo sijaona mtu mwingine akifanya kazi. Hakulala ugenini kwa miaka ishirini. Alikaa karibu na mlango popote alipokaribishwa. Katika picha ya harusi ya mdogo wake wa kiume, iliyopigwa nje siku ya mawingu, ndugu wote wamepanga mstari, na mwishoni mwa mstari kuna kiwiko. Kiwiko hicho ni chake. Mwili wenyewe ulikuwa tayari unakimbilia kituoni. Alisikia mvua kabla ya watu wengine. Alikuwa akizungumza nawe vizuri, kisha anakuacha katikati ya neno, na wewe unabaki umefungua mdomo mpaka tone lako la kwanza likuangukie.

Kisha kulikuwa na daftari. Lilikuwa na safu nne: tarehe, saa ya tone la kwanza, namba ya kipande, hali. Chini ya hali aliandika neno moja, kwa herufi za mtu aliyefundishwa kuandika kwa fimbo: Kimefunikwa. Neno hilo lilishuka ukurasa kwa ukurasa, mwaka kwa mwaka, bila kuyumba. Kila mgeni alionyeshwa daftari kabla ya kuonyeshwa majani. Mkuu wa kituo, mtu mwenye sauti nzuri na upendo mkubwa kwa sherehe, alikuwa akilifungua popote pale na kusema, "Miaka ishirini. Hakukosa mvua hata moja."

Maneno hayo yalikuwa yamekwisha chongwa kwenye ubao. Ubao ulikuwa ofisini kwa Mkuu, umeegemezwa ukutani nyuma ya kabati, ukingoja siku ya kufunga jaribio. Pamoja na ubao kulikuwa na ahadi: awamu ya pili ingekuja, ingehitaji mtunzaji, na mtunzaji angeendelea kukaa katika nyumba ile ya kituo iliyo hatua chache kutoka kwenye vipande, ambamo watoto wake wote walizaliwa.

Sasa nieleze habari ya kipande namba saba.

Kila aliyesimama mbele ya vile vipande alikiona bila kuonyeshwa. Cha kwanza, cha tatu na cha tano vilikuwa na majani mafupi, haba, ya rangi ya kamba kuukuu. Cha saba kilinyimwa mvua sawasawa na wenzake, lakini katikati yake yalisimama mashina kumi na saba ya majani marefu yanayofika magotini, yenye vichwa vya zambarau. Yalisimama hivyo kiangazi na masika, mwaka baada ya mwaka, kama wageni waliokaribishwa chai wakahamia.

Wasomi walikuja, nao walikuwa na maoni. Mtaalamu wa udongo alisema chini ya kipande cha saba kuna kichuguu cha zamani kilichosawazishwa. Walichimba pembeni yake shimo la kimo cha mtu, hawakuona kichuguu. Mwingine alisema palikuwa na zizi la ng'ombe enzi za mababu na samadi yake bado inafanya kazi. Mimi pia, naomba nikiri, niliandika kurasa sita nikithibitisha kwamba maji yanapita chini kwa chini kutoka kwenye tangi la ofisi. Katika shughuli hizi zote aliyeshika ncha ya pili ya futi ya kupimia alikuwa Mwavuli. Alishika, akainama, akasoma namba kwa sauti, na hakusema lolote. Tulidhani ni kwa sababu hakuelewa sayansi.

Maoni yaliyoshinda yalikuwa ya Mkuu wa kituo, kwa kuwa yalikuwa ya Mkuu wa kituo. Yeye alisema kwamba majani yale yamejifunza. Yamenyimwa maji muda mrefu, yakazoea, yakawa kabila jipya la majani lisilohitaji mvua. Akayapa jina: Mstahimilivu. Kwa misimu mitatu alivuna mbegu zake akazipanda shambani kwenye bomba la maji, ambako, bila kumshangaza mtu yeyote isipokuwa yeye, zilistawi sana. Akapata magunia kumi na mawili. Akatangaza kwamba siku ya kufunga jaribio wafugaji kumi na wawili kutoka upande wa nchi kame watapewa kila mmoja gunia lake, wakapande, waachane na vichaka vyao vya miiba milele.

Mmoja wa hao kumi na wawili alikuwa mama mkwe wake Mwavuli.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumbana. Ili kuelewa kwa nini, inabidi turudi nyuma miaka tisa, kwenye mwaka wa kumi na moja wa jaribio, mama mkwe alipokuja kumtembelea binti yake.

Mama huyu alikuwa mfugaji wa mbuzi, mjane, mwenye maneno machache na yote mazito. Alipewa chumba kizuri kuliko vyote, yaani chumba cha wenye nyumba. Asubuhi ya kwanza aliamka, akakaa ukumbini, akamwita binti yake kwa sauti ambayo Mwavuli, aliyekuwa uani, hakuweza kukosa kuisikia.

"Mwanangu, mume wako kazi yake ni nini vile?"

"Anafunika vipande vya majani, mama. Mvua isivinyeshee."

"Majani anayafunika."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimelala naiona mbingu kwa matundu manane."

Mwavuli alitaka ardhi immeze. Bati la nyumba ya kituo lilikuwa limeoza muda mrefu, na barua za kuomba bati jipya zilikuwa zimelala katika faili nene. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Hapakuwa na wingu hata la kuazima. Mwavuli akafikiri kama mtu yeyote ambaye mama mkwe wake amehesabu matundu: alikwenda kwenye vipande, akafungua kamba za plastiki la fremu ya saba, akalibeba begani, akapanda nalo juu ya paa na kulikaza kwa mawe. Siku nne tu, alijiambia. Mama mkwe akiondoka, linarudi.

Siku ya tatu, saa tisa na robo mchana, ikanyesha. Haikuwa mvua ya kawaida. Ilikuwa ile inayokuja mara moja katika miaka kumi bila kukumbuka msimu, nayo ilikuja kwa vishindo. Mwavuli alikimbia. Alisukuma fremu ya kwanza, ya tatu, ya tano. Kwenye ya saba alisukuma chuma kitupu, akasimama kukitazama.

Plastiki lilikuwa mahali anapopajua. Lakini chini ya paa lile, kitandani, mama mkwe wake alikuwa amejilaza kupumzika mchana. Kulichukua kungekuwa kupanda juu ya kichwa cha mama wa mkewe, kumkanyagia kishindo, na kumfungulia mvua yote kifuani. Kuna mambo mtu anaweza kufanya kwa ajili ya sayansi, na hilo halimo. Alisimama karibu na kipande cha saba saa mbili na nusu, akiwa amevua shati na kulitandaza juu ya majani kwa mikono yake miwili. Shati lilifunika pembe moja.

Mvua ilipokatika alikwenda kwenye daftari. Aliandika cha kwanza, cha tatu, cha tano. Alipofika cha saba alikaa na kalamu kwa muda. Kisha akaandika: Kimefunikwa. Alijiambia kwamba mvua ni moja tu, kati ya mamia. Ardhi isingeitia maanani.

Baada ya wiki tatu mashina kumi na saba yalichungulia.

Hayo yote mimi sikuyajua wakati ule. Aliyejua alikuwa mkewe, naye hakuwahi kuyataja mpaka wiki moja kabla ya sherehe. Alikuwa akipepeta mchele, Mwavuli akirekebisha mguu wa kiti ambacho hakikuvunjika.

"Mama ameleta salamu," alisema mkewe. "Ameanza kung'oa vichaka."

"Vipi?"

"Vyote vya bondeni. Anasema Mkuu wenu amewaambia wasafishe ardhi kabisa, mbegu ipate nafasi. Mbuzi wataishi kwa kaka mpaka majani yaote."

Mwavuli aliweka nyundo chini. "Hayataota."

"Najua."

"Unajua nini wewe?"

"Nilikuwepo, baba watoto. Nilikuona kwenye mvua ukivisha majani shati."

Mkewe akaendelea kupepeta.

"Yale majani hayakujifunza kuishi bila maji," alisema Mwavuli baadaye, kama mtu anayejisomea. "Yalishiba siku moja. Yakashusha mizizi chini kabisa siku zile udongo ulipolowa, na tangu hapo yanaishi kwa mvua ile. Kule kwa mama udongo haulowi hivyo. Atangoja mbegu miaka kumi. Na vile vichaka ndivyo vilivyozoea kule. Akiving'oa hana kitu."

"Basi kamwambie."

"Nimwambie mama mkwe kwamba nyumba yangu ilikuwa na matundu?"

"Hilo analijua. Ndiye aliyeyahesabu."

"Na Mkuu? Na hii nyumba?"

Mkewe alitazama juu, ambako bati jipya lilikuwa bado halijafika. "Hii nyumba," akasema, "imenilowesha vya kutosha."

Siku ya sherehe viti vilipangwa barazani mwa ofisi. Daktari alikuwa amerudi baada ya miaka mingi, nywele zimekuwa nyeupe, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuchuchumaa mbele ya kipande cha saba na kukaa hapo mpaka Mkuu alipomwita mara tatu. Wafugaji kumi na wawili walikaa mbele, magunia yao yamepangwa kama wageni wengine. Mama mkwe alipewa kiti chenye mikono. Ubao ulikuwa umefunikwa kitambaa cheupe. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuvuta kitambaa.

Mkuu alihutubia kwa kirefu. Alisema ardhi ni mwalimu na majani ni wanafunzi. Akafungua daftari. "Hakukosa mvua hata moja," alisema, akanipa ishara nivute.

"Nilikosa moja," alisema Mwavuli.

Mkuu alicheka kwa upole. "Mzee wetu ni mnyenyekevu." Watu wakapiga makofi.

"Sio unyenyekevu, Mkuu. Kipande cha saba kilinyeshewa, mwaka wa kumi na moja. Kile kilichoota pale kiliota kwa mvua ile. Msipeleke mbegu nchi kame. Na waliokwisha ng'oa vichaka waache hapo walipofika."

Mkuu alipekua daftari haraka, akapata ukurasa, akauinua watu wote wauone.

"Mwaka wa kumi na moja, kiangazi, mvua moja. Kipande cha saba: Kimefunikwa. Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Basi."

"Niliandika uongo, Mkuu."

"Haiwezekani. Daftari hili limekaguliwa kila mwaka!" Mkuu akawageukia watu. "Jua ni kali, mzee amesimama tangu asubuhi. Mleteeni maji."

Kwa dakika nzima nilitazama mtu akibishana na mwandiko wake mwenyewe, na mwandiko ukishinda. Alitaja siku, Mkuu akasoma. Alitaja fremu iliyokosa plastiki lake, Mkuu akasoma tena neno lilelile. Mtu anaweza kusema lolote, Mkuu alisema, lakini maandishi ni maandishi. Wafugaji walianza kutazama magunia yao kwa hamu ya kuondoka.

"Hilo plastiki," ilisema sauti kutoka kwenye kiti chenye mikono, "lina namba nyekundu?"

Mwavuli aliinamisha macho. "Ndiyo, mama."

"Saba?"

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe alijiegemeza nyuma. "Mimi nililala chini yake. Nilipofika niliona mbingu kwa matundu manane. Kesho yake nikaona mbingu na saba, imegeuka nyuma kama ya mtoto anayeanza shule. Mvua ilipokuja nilikuwa kitandani nikiitazama. Sikupata hata tone." Akamgeukia Mkuu. "Wewe baba, kama saba ilikuwa juu yangu, kwenye majani ilikuwepo nini?"

Mkuu alitazama daftari, akalifunga.

"Na mkwe wangu," aliongeza mama mkwe, bila kumtazama, "wewe ungeniambia siku ileile. Nisingekufa kwa kulowa. Sasa nimeng'oa nusu ya bonde."

"Nisamehe, mama."

"Nusu nyingine ipo."

Daktari alikuwa ameinuka. Tulidhani atakasirika, na nadhani Mwavuli alitumaini hivyo, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kwa hasira. Lakini alitoa kalamu.

"Tone la kwanza, saa ngapi?"

"Saa tisa na robo. Ilikatika saa kumi na mbili kasorobo."

"Kipimo?"

"Milimita sitini na mbili. Na pembe ya kaskazini haikupata vizuri. Niliifunika shati."

Daktari aligeuka akatazama kipande cha saba. Pembe ya kaskazini ilikuwa tupu, haina shina hata moja. Sisi sote tulikuwa tumeiona pembe ile, wengine kwa miaka, na mimi katika kurasa zangu sita nilikuwa nimeieleza kwa ustadi mkubwa kwamba ni mbali na tangi.

"Miaka kumi na moja ulikuwa umenisikia nikisema ardhi haisahau," alisema Daktari.

"Ndiyo, Daktari."

"Na ukadhani hiyo moja itaisahau?"

"Sikudhani. Niliomba."

Daktari hakucheka, ila aliandika kwa muda mrefu. Jioni ile aliwaeleza wafugaji mwenyewe, mmoja mmoja, kwa nini wasipande. Kwa kuwa walikuwa wametoka mbali, walichukua magunia hata hivyo. Nasikia yamekuwa mito mizuri ya kulalia. Ubao haukufunuliwa, umegeuzwa na sasa unashika dirisha la stoo.

Tulipokokotoa hesabu upya tuligundua kwamba mvua moja, iliyoanguka kwa bahati mbaya, ilikuwa imetufundisha mengi kuliko mvua zote zilizozuiwa kwa uaminifu. Awamu ya pili ilikuja haraka. Jaribio jipya ni rahisi: vipande vinafunikwa, kisha kimoja kinaachwa wazi kwa makusudi, kwa mvua moja kubwa tu, na kutazamwa kwa miaka. Mwavuli aliomba kazi hiyo. Nilikuwa ofisini Mkuu aliposaini jibu, na nilinakili sentensi moja ili nisije nikadhani nimeiota: "Kwa kuwa mwombaji aliwahi kuacha kipande wazi wakati wa mvua, kituo hakiwezi kumkabidhi jukumu la kuacha kipande wazi wakati wa mvua."

Akaajiriwa mwingine, kijana makini. Nyumba ikawekwa bati jipya kabla hajahamia.

Mwavuli na mkewe wanaishi kwa mama mkwe sasa. Niliwatembelea mwaka jana. Bonde limegawanyika wazi kama kitambaa kilichokatwa: upande mmoja vichaka vya miiba na mbuzi wakila, upande wa pili, uliosafishwa, udongo mtupu mwekundu. Mama mkwe amerudishia miche kwa mkono, naye hasemi itachukua muda gani. Alinionyesha kwa fimbo yake tu. "Pale nilisikiliza hotuba," alisema.

Zizi la mbuzi limeezekwa plastiki linalopitisha mwanga. Katikati kuna saba nyekundu iliyofifia. Daktari alimpa mama mkwe plastiki hilo siku ya kufunga, kwa sababu alikuwa shahidi wake.

Tulikuwa tumekaa uani, Mwavuli akinieleza jinsi ya kumjua mbuzi mgonjwa kwa masikio, aliponyamaza ghafla katikati ya neno. Nilijua. Nilisimama, lakini yeye alikuwa ameshafika zizini, anavuta kamba, ananyoosha ncha, miguu inakimbia kana kwamba kuna fremu nne. Tone la kwanza lilinipata puani.

"Mkwe!" aliita mama mkwe kutoka mlangoni. "Mbuzi wana ngozi! Ingia ndani!"

"Naja, mama!"

Hakuja. Alitazama saa yake, akapapasa mfuko wa shati, ukutani, dirishani, akitafuta kitu kilichokuwa hakipo kwa zaidi ya mwaka. Kisha akanigeukia, amelowa.

"Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Nilifungua daftari langu juu ya goti.

"Saa nane na dakika arobaini," alisema. "Kipande namba saba." Akachungulia zizini, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena, akatazama bondeni ambako kitu cheupe kilikuwa kimesimama peke yake kwenye mvua, kikitafuna.

"Niandike kimefunikwa?" niliuliza.

"Hapana. Andika kimefunikwa, ila mbuzi mmoja yuko nje." Akaniangalia mpaka nikamaliza neno la mwisho, ndipo akatoka mbio kumfuata.